Lushoto hadi Mtae kwa miguu: mwongozo kamili wa siku nne Usambara Magharibi

Siku ya kwanza nilipopita Magamba na begi mgongoni, mzee mmoja aliyekuwa anapalilia viazi kando ya barabara alinyoosha mgongo, akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia, akauliza, "Gari limeharibika?" Nikamjibu halijaharibika, natembea tu, naelekea Mtae. "Mtae basi lipo, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayempa pole mgonjwa.

Hakukosea. Huku juu anayetembea kwa raha zake ni mzungu. Sisi wengine tukionekana na begi barabarani ni kwamba nauli imepungua. Mwongozo huu nimewaandikia wale wanaotaka kuzoea jambo jingine: kuvuka milima ya Wasambaa kwa miguu, kwa siku nne, kutoka mji wa Lushoto hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa jabali upande wa kaskazini. Hakuna barafu, hakuna mtungi wa oksijeni. Kuna vilima vingi vya kupanda na kushuka, na kuna watu. Hilo la watu ndilo la kushika tangu sasa. Usambara si mbuga yenye geti. Njia inapita kati ya migomba ya fulani, inakata uani kwa fulani, inaibukia msikitini au kanisani. Ukitembea kama mgeni aliyepiga hodi, utapelekwa mpaka unakokwenda. Ukitembea kama mtalii aliyelipia mandhari, utapotea, na hakuna atakayekimbilia kukurekebisha.

Chagua msimu

Masika huanza Machi na kumalizika Mei. Usiende. Udongo mwekundu wa huku ukilowa unateleza kama sabuni, na njia za mkato ndizo zinazoharibika kwanza. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inavumilika ikiwa una koti la mvua. Wakati mzuri ni Januari na Februari, au kuanzia Julai hadi mwanzo wa Oktoba.

Lakini Julai kuna baridi, na hapo watu wa Dar na Tanga tunajidanganya. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Msitu wa Magamba unapanda hadi mita 2,300 hivi. Asubuhi ya Julai upande wa Shume, pumzi inatoka mdomoni kama moshi, na ukungu unakaa mpaka saa nne. Leta sweta. Kama huna, panga ufike Lushoto Jumapili, siku ya gulio: koti zito la mtumba utalipata hapo kwa bei ambayo Kariakoo hawakuuzii hata shati.

Fika Lushoto

Kutoka Dar es Salaam kuna mabasi ya moja kwa moja, safari ya siku nzima kupitia Chalinze, Segera na Korogwe. Ukitoka Moshi au Arusha, shuka Mombo upande gari dogo. Kutoka Mombo barabara ya lami inapinda ubavuni mwa mlima kwa kilomita 33 hivi, ukipita Soni na maporomoko yake. Ukiwa na tumbo jepesi, kaa mbele na usile samaki Mombo.

Ile Mombo ya joto na mkonge unayoiacha nyuma, Wasambaa wanaiita nyika. Kwao dunia ina pande mbili: nyika, bondeni kukavu kwenye homa na njaa, na Shambaai, huku juu kwenye mvua, migomba na maji baridi. Kabla ya mahindi kutawala sahani, mgomba ndio uliokuwa chakula na dalili ya makazi. Ukikuta migomba mizee katikati ya pori leo, jua palikuwa na boma.

Lala Lushoto usiku mmoja. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal na wakaufanya kituo cha utawala. Baadhi ya majengo yao bado yanatumika. Jioni tembea hadi Irente, kilomita 5 au 6 kutoka mjini, usimame juu ya jabali uiangalie ile nyika uliyoitoka asubuhi. Miguu ikikulalamikia kwenye safari hiyo fupi, ongeza siku ya kupumzika kabla ya kuanza.

Tafuta kiongozi, lipa panapostahili

Barabara kubwa ya Mtae unaweza kuifuata peke yako. Njia za msituni na za mkato, hapana. Tafuta kiongozi mjini Lushoto, na fanya mambo matatu kabla ya kumpa hata shilingi. Muulize njia kijiji kwa kijiji. Anayejua atataja majina bila kufikiri. Muulize anazungumza Kisambaa, maana Rangwi, kijiji cha kulala siku ya pili, bibi wa miaka themanini hatakusimulia lolote kwa Kiswahili cha televisheni. Kisha andikianeni kwenye karatasi: siku ngapi, chakula chake nani analipa, malazi yake nani analipa, nauli yake ya kurudi nani analipa. Hiyo nauli ya kurudi ndiyo inayoleta ugomvi mwishoni kuliko mengine yote.

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kiingilio kipo, na Mtanzania analipa kiasi kidogo kuliko mgeni. Malipo ya serikali hupita kwenye namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu au benki na unapata risiti. Anayekuambia umpe mkononi "atashughulikia", mwachie ashughulikie mambo yake.

Funga begi dogo

Viatu ulivyokwisha kuvivaa miezi miwili, si vipya. Mimi nilinunua vipya, na siku ya pili nilishuka Rangwi kwa ndala, soksi zikiwa na damu kisiginoni, watoto wakinihesabia hatua. Koti la mvua, sweta, soksi jozi nne, tochi, chupa ya maji ya lita moja na nusu, dawa ya kutibu maji, plasta, chumvi na sukari kidogo. Pesa taslimu za noti ndogo, kwa sababu mtandao wa simu unakuja na kuondoka kama jua la vuli, na wakala wa kutoa pesa hapatikani kila kijiji. Kanga au shuka moja: ni taulo, ni blanketi, ni heshima mwanamke akipita mbele ya msikiti.

Jambo moja la afya ambalo vitabu vya watalii hulipita haraka. Kuanzia mwaka 1980 wilaya ya Lushoto ilipigwa na tauni mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini, ile ya viroboto wa panya, na wazee wanaikumbuka vizuri. Usiogope, ila lala kitandani na si chini kwenye udongo, chakula kifunike, na panya mfu usimguse hata kwa kijiti. Ukipata homa kali na uvimbe kwapani au kinenani ndani ya siku chache baada ya safari, nenda hospitali na useme ulikotoka.

Jifunze salamu tatu

Asubuhi: *Onga maundo*. Mchana: *Onga mshi*. Ukisalimiwa hivyo, unajibu *Niwedi*. Shukrani ni *Hongea*, na ukitaka kukoleza, *Hongea sana*. Kiswahili kinaeleweka kote, na shikamoo haina mbadala kwa mtu mzima, lakini nimejionea tofauti. Kwenye kona moja juu ya Lukozi tulikutana na akina mama wanne, kila mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani unaomfunika hadi mabegani, ni macho tu yanayoonekana. Mwenzangu alisema "Habari zenu". Wakajibu nzuri, wakapita. Mimi nikajikaza: *Onga mshi*. Mizigo yote minne iligeuka kwa pamoja. Mmoja akacheka hadi akashika mti, akaniuliza kwa Kisambaa neno refu nisilolijua hata silabi moja. Mwishowe alitwambia njia tuliyoshika inaishia kwenye shamba la shemeji yake, tukarudishwa kwenye njia panda. Bila salamu ile tungelala huko.

Na usikimbie na salamu. Huku mtu anasimama, anaweka mzigo chini ikibidi, anauliza nyumbani, watoto, mvua. Ukihesabu saa za kutembea, ongeza saa moja kila siku kwa ajili ya salamu tu.

Siku ya kwanza: Lushoto, Magamba, Lukozi

Toka saa moja asubuhi. Kilomita 7 hivi za kupanda hadi Magamba, kwenye njia panda ya kwenda Lukozi na Mtae. Hapo kunywa chai ya maziwa na maandazi, kisha mwambie kiongozi akuingize msituni.

Dakika kumi ndani, kelele za bodaboda zinakatika. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia milima ya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Ukungu wa Bahari ya Hindi umeilowesha kwa mamilioni ya miaka, hata nchi za bondeni zilipokauka, na ndiyo sababu ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Mwombe kiongozi akuonyeshe mkulo, mti mkubwa ambao jina lake la kisayansi, *Ocotea usambarensis*, limebeba jina la milima yenyewe. Kwangua kidogo gome lililokwisha kuanguka chini, unuse: kamfa tupu. Juu kwenye matawi subiri mbega, mweusi kwa mweupe, mkia kama ufagio. Ukitulia utawasikia kabla ya kuwaona.

Kinyonga ndiye atakayekuchosha kumtafuta. Tembea taratibu ukitazama matawi membamba yaliyo usawa wa kifua chako, upande wa jua. Kiongozi wetu alisimama ghafla akaelekeza kwa jani, hakuelekeza kwa kidole. Nilitazama dakika nzima nisione kitu, mpaka jani moja lilipozungusha jicho. Dume la huku lina pembe mbili bapa puani, na lilikuwa linatembea ule mwendo wake wa kusita, mbele nyuma mbele nyuma, kama mtu anayejaribu ngazi gizani. Mwaka 2006 wanasayansi walipowatenga vinyonga hawa na jamaa zao katika jenasi mpya, waliiita *Kinyongia*. Neno letu kabisa. Usimshike. Watu wengi vijijini wanamhofia, na ukionekana umembeba mkononi unaweza kukaribishwa kwa baridi nyumba ya pili.

Lukozi ni soko la mboga. Kabichi, karoti, viazi na hoho zinapakiwa hapa usiku kucha kwenda Dar. Gesti ni za kawaida, kelele za malori ni za bure.

Siku ya pili: Lukozi hadi Rangwi

Leo mashamba yanatawala. Shuka, panda, shuka. Maeneo haya ya juu, pembezoni mwa msitu, ndiyo utakutana na Wambugu, wafugaji waliokaa na Wasambaa kwa vizazi vingi bila kumezwa. Wanaisimu wamewasumbua kwa maswali kwa miaka mingi kwa sababu lugha yao ya ndani, Kimaa, ina maneno mengi yenye asili ya Kikushi lakini imevaa sarufi ya Kibantu inayofanana na ya Kipare. Ukikaribishwa maziwa, kunywa. Ukitaka kupiga picha, omba kwanza. Jibu likiwa hapana, ni hapana, usirudi kuuliza kwa pesa.

Ukitembea katikati ya mazao, shika ukingo wa njia na usikanyage matuta. Hilo la matuta lina historia yake. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo: watu walilazimishwa kuchimba matuta ya kukinga maji, wakapunguziwa mifugo, miteremko mikali ikafungwa. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Lakini amri ilikuja na faini, jembe lilikuwa la mwenye shamba, na jasho halikulipwa. Wasambaa walikataa, na kabla ya uhuru mpango ukafa. Hifadhi ya udongo ilirudi miaka ya 1980 kwa njia ya miti na majani ya malisho, na safari hiyo wengi waliipokea. Zile safu za majani marefu unazoziona zimepandwa kukatiza mteremko zinafanya kazi mbili: zinashika udongo, na jioni zinabebwa kichwani kwenda kwa ng'ombe.

Rangwi kuna nyumba ya masista wa Kikatoliki wanaopokea wageni. Piga simu mapema kupitia kiongozi wako, fika kabla ya giza, usiingie umelewa. Chakula ni cha bustani yao. Maji ya moto ya kuoga kwenye ndoo, baada ya siku ile ya ndala, sikuwahi kuyasahau.

Siku ya tatu: pumzika, sikiliza

Wengi wanaunganisha Rangwi na Mtae siku hii. Mimi nakushauri ukae, utembee kidogo tu, na utafute mzee wa kukusimulia. Peleka sukari na majani ya chai, kilo moja moja, umpe mkewe au binti yake. Usimpe kama malipo, mpe kama mgeni.

Muulize habari za Mbegha. Kila mmoja ana toleo lake, lakini uti wa mgongo ni mmoja. Alikuwa mwindaji kutoka milima ya Nguu, aliyefukuzwa na ndugu zake kwa sababu meno yake ya juu yaliota kwanza, mkosi mkubwa siku zile. Akaja milimani na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama bure. Akaua simba. Watu wakampa mke, kisha wakampa nchi, na wafalme wa ukoo wake, Wakilindi, wakaitwa Simba Mwene. Makao yao yalikuwa Vuga. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala mpaka miaka ya mwanzo ya 1860, nguvu zake zilifika pwani. Alipokufa, wanawe na wajukuu walipigana, na mmoja wao, Semboja, akakaa Mazinde kule bondeni penye njia ya misafara na bunduki.

Sasa mchokoze mzee wako kwa maneno mawili: *kuzifya shi* na *kubana shi*. Shi ni nchi, ardhi pamoja na walio juu yake. Kuizifya ni kuiponya, kuiweka sawa. Kuibana ni kuiharibu. Mfalme mmoja mwenye nguvu, mwenye mvua, aliiponya. Wakubwa wawili wakivutana, mvua inakata, njaa inaingia, nchi imebanwa. Mzee niliyemkuta mimi alikuwa ameketi kwenye kigoda, buti za mvua miguuni, anamenya miwa kwa mundu. Nilipotamka *kubana shi* aliacha kumenya. Akanionyesha kwa ncha ya mundu mteremko wa ng'ambo ambako miti ilikuwa imekatwa hadi juu, akasema, "Ile pale." Kisha akaendelea na miwa.

Ukiona kichaka cha miti mizee kimeachwa peke yake katikati ya mashamba, usiingie kabla ya kuuliza. Huenda ni makaburi au mahali pa tambiko, na haijalishi kwamba kijiji kina msikiti na makanisa mawili.

Siku ya nne: Rangwi, Sunga, Mtae

Toka alfajiri na makande tumboni. Sunga utapata chai; ikiwa Jumatano, utakuta gulio limejaa. Baada ya hapo mgongo wa mlima unakuwa mwembamba, nyumba zinapangana kushoto na kulia kwa barabara, na ghafla pande zote mbili hakuna kitu ila hewa. Hapo umefika Mtae. Chini kabisa ni tambarare ya Mkomazi, rangi ya simba. Mbele ni milima ya Pare. Nenda kwenye ukingo saa kumi na moja jioni, keti mbali na wanaopiga picha, na usisogee karibu na jabali upepo ukivuma. Ukiwa na nguvu, Mambo iko jirani na nayo ina ukingo wake.

Mwenye siku zaidi arudi kupitia Mlalo aone nyumba za tofali za udongo za ghorofa moja zenye baraza za mbao juu. Vuga inafikika ukitokea Soni, lakini usitegemee kukuta kasri. Utakuta kijiji, na watu wanaojua kaburi la nani liko wapi.

Kurudi

Basi la Mtae linaondoka usiku wa manane unaokaribia alfajiri, na honi yake ndiyo saa ya kijiji. Kata tiketi jioni, ukalale na nguo. Kondakta akitaka kuweka begi lako juu, panda umwangalie: liwe juu ya magunia ya karoti, si chini yake. Langu lilikuwa chini.